Sayansi Ndani ya Beseni: Majaribio Matano Mepesi kwa Vituo vya Malezi ya Watoto

Mtoto wa miaka minne anatumbukiza kijiko ndani ya beseni la maji. Kijiko kinazama. Anaweka sufuria ndogo juu ya maji yale yale. Sufuria inaelea. Anaitoa, anaigonga sakafuni, anasikia inalia kama kijiko kinavyolia. Anairudisha majini. Inaelea tena. Kwa dakika kadhaa mtoto huyo halii, hagombani na mwenzake wala hahitaji kuambiwa anyamaze. Ana kazi.

Jioni mama yake anakuja kumchukua. Anamkuta nguo imelowa kifuani. Anafungua daftari, halina kitu. "Mwalimu, kwani leo hawakusoma?"

Swali hilo si dogo. Mama huyo ametoka kazini, amelipia malezi ya siku nzima, na ana haki ya kujua mtoto wake amefaidika nini. Lakini mlezi akikosa la kumjibu, na mwenye kituo akihofia kumpoteza mzazi, kesho yake beseni litasukumwa pembeni na watoto watakaa mkekani kunakili herufi hadi saa sita. Katika vituo vingi, mchezo wenye elimu hufa namna hiyo. Vifaa vilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kueleza kilichokuwa kikiendelea ndani ya beseni.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya walezi wa vituo, walimu wa chekechea na wazazi. Linaeleza majaribio matano, moja kwa kila siku ya juma, yanayotumia vitu vya jikoni na uani. Linaeleza pia maswali ya kumuuliza mtoto, mambo ya usalama, na namna ya kumjibu mzazi anayeuliza kama watoto wamesoma.

KWA NINI JAMBO HILI LINAWAHUSU WAKAZI WOTE

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inaweka elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto chini ya serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba kituo cha mtaani, hata kiwe chumba kimoja chenye mkeka na watoto kumi, ni sehemu ya huduma ambazo mkazi anaweza kuziulizia katika kaunti yake.

Tena, miaka ya mwanzo haingoji. Mtoto anapofika umri wa miaka 6, ubongo wake huwa umefikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Anayoyashika, anayoyaona na anayozungumza na watu wazima katika kipindi hicho huwa msingi wa anayojifunza baadaye. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, unalijua hilo: watoto wa chekechea, wenye miaka 4 na 5, wana shughuli za mazingira ambazo zinawataka watazame, waguse na waeleze vitu vilivyo karibu nao. Mtoto aliyezoea kujaribu mambo akiwa kituoni haingii darasa la chekechea akiwa mgeni wa shughuli hizo.

SAYANSI YA MTOTO MDOGO NI IPI?

Walezi wengi wakisikia neno sayansi hufikiria maabara, chupa za dawa na majina magumu. Kwa mtoto mdogo sayansi ni hatua nne tu: kutazama, kukisia, kujaribu na kusema.

Hatua ambayo hurukwa mara nyingi ni ya pili, yaani kukisia. Mlezi huonyesha jambo, watoto hupiga makofi, shughuli imekwisha. Watoto wamefurahi, lakini hawakupata nafasi ya kufikiri. Mtoto akikisia kwanza, anakuwa na dau lake ndani ya mchezo. Anataka kujua kama atapata au atakosa.

Chukua mfano wa barafu. Mlezi ana vipande viwili vya barafu vyenye ukubwa sawa. Kimoja anakiweka wazi kwenye sahani. Kingine anakizungushia leso mikunjo kadhaa na kukiweka kwenye sahani nyingine. Sahani zote mbili ziko kivulini. Kisha anauliza: "Kipi kitakwisha kwanza?" Watoto wengi hujibu kwamba ni kile cha ndani ya leso, kwa sababu wanajua kwamba mtu akijifunika hupata joto. Baada ya muda leso inafunguliwa. Kipande cha wazi kimekwisha au kinakaribia kwisha. Cha ndani ya leso bado ni kikubwa.

Hapo watoto hunyamaza. Leso haitengenezi joto. Inazuia joto lisipite haraka. Kwa mtu, inazuia joto la mwili lisitoke. Kwa barafu, inazuia joto la nje lisiingie. Ndiyo maana muuza samaki hufunika barafu yake kwa gunia. Mtoto hatayashika maneno hayo yote siku hiyo, lakini atakuwa ameona kwamba jambo alilolidhania linaweza kujaribiwa, na kwamba kukosea hakuna aibu.

MAJARIBIO MATANO YA JUMA MOJA

Majaribio haya yanawafaa watoto wa miaka 3 hadi 6, wakiwa katika makundi ya watoto wanne hadi sita. Kila jaribio lichukue dakika 15 hadi 20. Watoto wakianza kutazama kwingine, mlezi afunge shughuli na aendelee siku nyingine.

Jumatatu: Kunde tatu

Vifaa: kunde kavu za kupika, makopo matatu ya plastiki ya kuonyesha ndani (hata chupa za maji zilizokatwa zinafaa, kingo zake zikizungushiwa selotepu), vitambaa vitatu vya pamba, maji na boksi dogo.

Mlezi akunje kitambaa na kukizungusha ndani ya kila kopo, kisha watoto wapachike kunde kati ya kitambaa na ukuta wa kopo ili zionekane kwa nje. Kopo la kwanza litiwe maji ya kulowesha kitambaa na liwekwe karibu na dirisha. La pili libaki kavu, nalo liwe dirishani. La tatu liloweshwe kama la kwanza, lakini lifunikwe kwa boksi lisipate mwanga.

Swali la kukisia: "Kopo lipi kunde zake zitaota?"

Kila asubuhi watoto watazame na mlezi aongeze maji kidogo kwenye makopo mawili yaliyoloweshwa, bila kuyajaza. Katika joto la Pwani mzizi huanza kuchungulia baada ya siku mbili hadi nne. Kopo kavu halitaonyesha kitu. Kinachowashangaza wengi, hata watu wazima, ni kopo la gizani: nalo huota. Mbegu ina akiba yake ya chakula ndani, kama nyumba yenye mahindi darini. Ili iote inahitaji maji, hewa na joto. Mwanga unahitajika baadaye, majani yanapoanza kutengeneza chakula. Makopo yakiachwa kwa juma la pili, mche wa gizani utakuwa mrefu, mwembamba na wa rangi ya manjano iliyofifia, ilhali wa dirishani utakuwa mfupi na wa kijani.

Mlezi asitumie mbegu za kupanda kutoka duka la pembejeo. Nyingi hupakwa dawa yenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani, na dawa hiyo ni sumu kwa mtoto.

Jumanne: Kinachozama na kinachoelea

Vifaa: beseni la maji, kijiko, sufuria ndogo, jiwe, kipande cha kifuu cha nazi, kijiti, kifuniko cha chupa na machungwa mawili, moja likiwa limemenywa.

Mlezi atandike leso mbili chini. Leso moja ni ya vitu vitakavyozama, nyingine ni ya vitakavyoelea. Kabla ya kugusa maji, watoto wapange kila kitu kwenye leso wanayodhani. Kisha mmoja mmoja atumbukize kitu kimoja, na kundi zima liseme kama kimekaa kwenye leso yake au kihame.

Maswali: "Kijiko na sufuria, kipi kizito? Mbona kile kizito ndicho kinachoelea? Sufuria ikitiwa maji, itakuwaje?"

Watu wazima wengi humwambia mtoto kwamba vitu vizito huzama na vyepesi huelea. Sufuria inaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Feri ya Likoni ni chuma kitupu, inabeba magari na mamia ya watu, na haizami. Umbo lake la bakuli linasukuma maji mengi, na maji hayo nayo yanaisukuma juu. Kijiko kinasukuma maji kidogo kuliko uzito wake, kwa hiyo kinakwenda chini. Kanuni hii ilielezwa na Archimedes, mtaalamu wa Kigiriki aliyeishi Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mtoto hana haja ya jina hilo. Anachohitaji ni kuijaza sufuria maji kwa mkono wake mwenyewe na kuiona ikienda chini.

Machungwa huleta kelele zaidi. Lenye ganda huelea. Lililomenywa aghalabu huzama, ingawa limepunguzwa uzito. Ganda lina vijitundu vingi vyenye hewa. Ni kama jaketi la kujiokolea ambalo abiria wa boti hutakiwa kulivaa. Mtoto aliyeona chungwa likizama baada ya kuvuliwa ganda anaweza kuelezwa umuhimu wa jaketi hilo kwa sentensi moja.

Jumatano: Kivuli kinatembea

Vifaa: kijiti kilichonyooka, mawe madogo matatu na uwanja wenye jua. Jaribio hili halina gharama yoyote.

Kijiti kisimikwe ardhini saa mbili asubuhi. Mtoto mmoja aweke jiwe pale kivuli kinapoishia. Mlezi aulize: "Tukirudi saa sita, kivuli kitafika wapi? Kitakuwa kirefu au kifupi?" Kila mtoto asimame pale anapodhani kivuli kitaishia.

Saa sita na nusu mchana warudi waweke jiwe la pili, na saa tisa alasiri jiwe la tatu. Watoto wataona kivuli cha asubuhi kilielekea upande wa magharibi, cha mchana kilijikunyata karibu na kijiti, na cha alasiri kimegeukia upande wa mashariki. Kijiti hakikuhama. Ni nafasi ya jua angani iliyobadilika.

Kwa kuwa Pwani ya Kenya iko kusini kidogo ya ikweta, kivuli cha mchana hapa kina tabia ambayo vitabu vingi vya nchi za mbali havina. Mwezi wa Juni huangukia upande wa kusini, na mwezi wa Desemba huangukia upande wa kaskazini. Kituo kinaweza kurudia jaribio hili katika miezi hiyo miwili na kulinganisha. Elimu hii si ngeni kwa jamii: kabla ya saa za ukutani kuenea, wazee walitambua kuingia kwa wakati wa alasiri kwa kupima urefu wa kivuli. Babu au bibi wa mtoto mmojawapo akialikwa kituoni siku hiyo, atakuwa na mengi ya kueleza.

Onyo moja ni la lazima: hakuna mtoto anayetazama jua lenyewe. Wanatazama chini, kwenye kivuli.

Alhamisi: Chumvi imekwenda wapi?

Vifaa: glasi tatu za plastiki za kuonyesha ndani, maji safi ya kunywa, chumvi, mchanga safi, mchele, kijiko, kitambaa cheupe na sahani pana.

Kila glasi itiwe maji. Ya kwanza iwekwe kijiko cha chumvi, ya pili kijiko cha mchanga, ya tatu kijiko cha mchele. Kabla ya kukoroga, watoto wakisie: "Kipi kitapotea?" Wakishakoroga, wataona mchanga na mchele vimekaa chini. Chumvi haionekani tena.

Mlezi aulize: "Imekwisha, au imejificha?" Wachuje glasi zote kwa kitambaa. Mchanga na mchele hubaki juu ya kitambaa. Chumvi hupita pamoja na maji. Kisha maji kidogo ya chumvi yamiminwe kwenye sahani, kina chake kisizidi unene wa kidole, na sahani iachwe juani mahali ambapo kuku hawafiki. Siku ya jua kali, maji machache hukauka kufikia kesho yake. Siku ya mawingu itabidi kungoja zaidi. Yakikauka, chembe nyeupe za chumvi zitabaki sahanini, na mtoto aliyesema "imejificha" atatembea kifua mbele.

Hili ni jaribio ambalo wakazi wa Gongoni na Marereni wanalifahamu kwa kiwango kikubwa. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa yenye kina kifupi, jua na upepo huyakausha, na chumvi hubaki ikikusanywa. Kilichofanyika sahanini ndicho kinachofanyika huko. Mtoto mwenye mzazi anayefanya kazi ya chumvi siku hiyo anaweza kuwa mwalimu wa wenzake.

Ijumaa: Maji peke yake, au maji na sabuni?

Vifaa: mafuta ya kupikia kijiko kimoja, vumbi laini la mkaa kiasi cha kuchota kwa vidole viwili, maji ya kutiririka na sabuni. Mlezi awavalishe watoto nguo kuukuu au aprini.

Kila mtoto apakwe tone la mafuta yaliyochanganywa na vumbi la mkaa katika viganja, kisha asugue mikono mpaka iwe myeusi. Watoto wagawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza linawe kwa maji peke yake, la pili kwa maji na sabuni. Wote wasugue huku wakihesabu pamoja polepole hadi 20. Kabla ya kuanza waulizwe: "Mikono ya kundi gani itatakata?"

Maji peke yake huteleza juu ya mafuta na kuacha weusi. Sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, kwa hiyo maji yanapoondoka huondoka na uchafu. Mwishoni, kundi la kwanza linawe tena kwa sabuni, na wote walinganishe viganja.

Jaribio hili lina uzito wake kwa afya ya kituo. Magonjwa ya kuhara husafiri kwa mikono, na katika chumba chenye watoto wengi mmoja akiugua wengine humfuata. Mtoto huambiwa "nawa kwa sabuni" kila siku bila kuona sababu. Siku anayoona viganja vya mwenzake vimebaki vyeusi baada ya kunawa kwa maji matupu, amepata sababu. Palipo na uhaba wa maji, dumu dogo lililotobolewa tundu na kuning'inizwa linatosha, mradi sabuni iwe kando yake, hasa baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.

WATOTO WALIO CHINI YA MIAKA 3

Hawa hawahitaji jaribio lenye hatua. Wanahitaji vitu vya kushika na mtu wa kuzungumza nao. Mlezi anaweza kuwapa vikombe viwili na maji kidogo wamimine kutoka kimoja hadi kingine. Vitambaa vya kukwaruza na vya kuteleza. Kijiko na sufuria wapige wasikie sauti. Au kititia cha ukuti, kile kinachozunguka upepo unapovuma. Wakati wote mlezi aseme kinachotokea: "Kimejaa. Kimemwagika. Hiki baridi. Hiki kinakwaruza." Kwa mtoto wa umri huo, kupewa jina la anachokigusa ndiyo sayansi yenyewe.

Mtoto mwenye ulemavu asiachwe pembeni. Asiyeona anaweza kusikia kijiko kikigonga sehemu ya chini ya beseni na kugusa mzizi wa kunde kwa ncha ya kidole. Asiyesikia anaweza kukisia kwa kuweka jiwe au kitu kwenye leso anayoichagua. Anayetumia kiti cha magurudumu awekewe beseni juu ya meza.

MANENO YA MLEZI

Majaribio haya yanategemea zaidi ulimi wa mlezi kuliko vifaa. Maneno machache yakibadilishwa, shughuli nzima hubadilika.

• Mtoto anapokisia vibaya, badala ya "Umekosea," mlezi aseme, "Haya, jaribu tuone."

• Mtoto anapouliza "Kwa nini?", mlezi amuulize kwanza, "Wewe unadhani ni kwa nini?" Kisha angoje. Ukimya wa sekunde tano humpa mtoto nafasi ya kutafuta maneno yake.

• Jaribio lisipofaulu, kwa mfano kunde zikioza, zisitupwe kimyakimya. Mlezi aulize, "Hizi zimepatwa na nini?" Huenda maji yalizidi.

• Mlezi asipojua jibu, aseme, "Sijui, hebu tulitafute." Mtoto anayesikia mtu mzima akisema hivyo hujifunza kwamba kutojua ni mwanzo wa kazi.

USALAMA KWANZA

Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita 5 tu. Beseni lisiachwe hata kwa muda wa kwenda mlangoni. Shughuli ikiisha, maji yamwagwe papo hapo na beseni lifudikizwe.

Watoto wa chini ya miaka 3 wasipewe kunde, maharagwe, vifungo, mawe madogo wala vifuniko vya chupa. Kipimo chepesi ni kile kigogo cha ndani cha karatasi ya chooni: kitu kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto huyo. Hata kwa wakubwa, mbegu zihesabiwe kabla na baada ya shughuli, kwa kuwa watoto huzitia puani na masikioni. Maharagwe mabichi yana sumu na hayaliwi kabla ya kupikwa.

Betri ndogo za mviringo na sumaku ndogo zisiwepo kabisa kituoni, maana zikimezwa zinaweza kuua. Mafuta ya taa, dawa za kufulia na dawa za wadudu zifungiwe mbali, na kamwe zisiwekwe katika chupa za soda au maji. Sheria ya watoto wenyewe iwe moja na irudiwe kila siku: hakuna kuonja kitu cha jaribio.

UBAO WA MLANGONI

Linabaki swali la yule mama: "Kwani leo hawakusoma?"

Kituo kinaweza kulijibu kabla halijaulizwa. Kila siku, kabla ya wazazi kuanza kufika, mlezi aandike mstari mmoja kwa chaki kwenye ubao mdogo au kipande cha boksi mlangoni. Mstari huo useme kilichojaribiwa na kumpa mzazi swali la kuuliza. Mifano ni hii:

"Leo kijiko kimezama, sufuria imeelea. Muulize kwa nini."

"Chumvi yetu imejificha ndani ya maji. Kesho tutaona kama itatoka."

"Leo tumenawa kwa sabuni. Mwambie akuonyeshe viganja."

Mstari huo huchukua dakika moja kuandikwa. Humwonyesha mzazi kwamba nguo iliyolowa ilikuwa ya kazi, na humpa la kuzungumza na mtoto wake njiani. Maswali matatu yanatosha: "Leo umejaribu nini? Ulidhani itakuwaje? Ikawaje?" Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuambiwa kwa mdomo mlangoni.

Kwa wazazi wenye shaka, kikao cha wazazi ni nafasi nzuri. Mlezi asihutubu. Aweke beseni mbele yao, aweke machungwa mawili, moja limemenywa, na awaulize wao lipi litazama. Wakishabishana na kisha kuona, hapatakuwa na haja ya maelezo marefu kuhusu kile ambacho watoto wao hufanya asubuhi.

Na usiku, nyumbani, huenda mtoto akadai sufuria wakati mama anaosha vyombo. Atamwambia aiweke juu ya maji. Kisha atamuuliza, kwa sauti ile ile ya mwalimu wake, kama anadhani itazama au itaelea. Mama naye akisie kwanza, kabla ya kujibu.